Bati Niliyoambiwa Nisizibe

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika nyundo wala bisibisi. Bosi wa gereji, pale mtaa wa Bulla Pesa, Isiolo, alinifungia ndani ya gari ndogo, akamwambia dereva anizungushe kwa barabara ya mawe. Tuliporudi akaniuliza, "Umesikia nini?"

"Kelele, bosi."

"Hiyo ni jibu ya mtu hajasikia. Rudi."

Nilirudi mara tatu. Ya tatu meno yalikuwa yamelegea, ungenigonga mgongo ungeyaokota chini. Lakini sasa nikamwambia: mlango wa kushoto unalia kama debe, tairi zinanguruma chini ya kiti ya nyuma, na upepo unapiga mluzi kwa dirisha.

Bosi akacheka. "Basi umeandikwa. Kila mmoja wa hao wapiga kelele watatu ana dawa yake."

Nyinyi vijana mnaagiza hiyo dawa kwa simu, inatoka ng'ambo imefungwa kama zawadi ya arusi. Sisi tulitumia vitu vya hapa. Bati inayolia tuliibandika tepu ya lami, ile mafundi wa nyumba wanaziba nayo paa ikivuja. Unapangusa bati na petroli kidogo, unaanika tepu kwa jua ilainike, na jua ya Isiolo haitaki jiko. Halafu unaikandamiza na chupa ya soda kama unasukuma chapati. Si lazima bati yote. Kipande ya katikati, kama robo, inatosha. Bati ni kama mtu wa mdomo mwingi, mshike begani tu atanyamaza. Ukiigonga na kidole kabla inasema ting, baadaye inasema tup.

Mngurumo wa tairi dawa yake ni felti, zile nguo kuukuu zilizosagwa zikashindiliwa, tulikuwa tunazibandua chini ya mazulia ya ofisi yakitupwa. Upepo unazibwa na tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa, unaizungusha kwa mlango. Chini ya paa unaweka tepu yenye uso wa fedha, halafu felti, na joto inapungua mpaka abiria anaomba sweta. Hapo nimeongeza kidogo.

Makosa nilifanya, msidhani. Nilipaka paa ya padri mmoja lami ya mkebe badala ya tepu. Saa saba mchana ikaanza kumdondokea kichwani, akaenda kuzika mtu akiwa na madoa kama chui. Nikaweka godoro ndani ya mlango, ikakunywa maji ya mvua, bati ikaoza mpaka ungeona barabara ukiwa umekaa. Hayo tulicheka yakaisha.

Lakini bosi alikuwa na sheria moja. Bati ya juu ya gurudumu la nyuma, upande wa dereva, inabaki uchi. "Hapa ndio gari inaongea," alisema. "Beringi, zile gololi gurudumu linazungukia, zikianza kuisha zinalia hapa kwanza, kama nyuki. Ukiziba hapa, nani atamwambia mwenye gari?"

Kutoka kwa bosi nilichukuliwa na yadi ya serikali, chini ya Afisa wa Usafiri. Huyo alikuwa anapima kazi na usingizi. Akilala kabla ya kufika Oldonyiro, umepita. Akifika macho, unarudia gari yote. Miaka mingi nilimlaza, na hata kwake ile bati sikuiguza.

Halafu nikafungua kibanda yangu, na sifa ikanipanda kichwani.

Guyo, muuzaji wa mbuzi, akaniletea gari yake ndogo. Mama yake anakaa Kulamawe, masikio yamezeeka, na kila wiki Guyo alikuwa anamleta kliniki Isiolo.

"Salaam aleikum, Mzee. Mama anaongea njia yote na mimi sisikii hata moja. Nikimjibu, yeye pia hasikii. Nyumbani kumejaa wajukuu na mbuzi. Ni kwa gari tu ndio tuko wawili."

Nilifanya kazi ya siku nne. Tukaijaribu. Guyo akasema, "Imebaki mlio kidogo huko nyuma."

"Hiyo bosi wangu alisema tuiache."

"Ati Mzee, kumbe imekushinda?"

Maneno hayo tu. Nikachukua tepu, nikaziba ile bati, felti mbili juu. Gari ikanyamaza mpaka ungesikia nzi akifikiria.

Siku chache baadaye Guyo akapita kunishukuru. Mama amemhesabia visima vyote vya babu yake, amemwambia alizaliwa chini ya mti gani. Yeye anamsikia Mama, na Mama anamsikia yeye. Guyo alikuwa anaendesha polepole makusudi, wasifike.

Mwezi wa pili tangu niizibe, beringi ya nyuma ikaanza kulia, na ililia peke yake. Karibu na Kulamawe, Mama akiwa katikati ya hadithi, gurudumu likatoka, gari ikaingia mtaro. Guyo alichubuka. Mama alivunjika nyonga.

Nilienda wodini na maziwa. Guyo hakunitukana. Alisema tu, "Mwambie mwenyewe, Mzee." Nikasema, polepole, karibu na mto wa kitanda. Mama akanitazama midomo, akatabasamu, akanionyesha nikae. Hakusikia. Ningepaza sauti, na wodi yote ingejua. Nikaona aibu, nikammiminia maziwa.

Kibanda nilifunga mwaka huo. Watu wanasema ni macho yalinichoka. Si macho. Sasa vijana wakiniletea gari, kwanza nawafungia ndani, nawazungusha, nauliza wamesikia nini. Tepu nawafundisha, felti nawafundisha. Ile bati naizungushia chaki nyeupe.

Mama anatembea na fimbo siku hizi, kliniki wanamfuata huko huko. Gari hataki hata kuiona. Guyo anampigia simu akipiga kelele, na soko yote ya mbuzi inajua habari zao isipokuwa Mama.

Mimi naenda Kulamawe nikiweza. Tunakaa mlangoni, wajukuu wanalia, mbuzi wanalia. Naanza tena, "Mama, ni mimi niliziba," na yeye ananimiminia chai. Mahali pekee angenisikia ni ndani ya ile gari, vile niliifanya kimya, na hawezi kuingia tena.