Siku Niliyomwambia Wanjiru Ahesabu Tena

Mkicheka sitawalaumu, maana hata mimi nimewahi kujaribu kujicheka kwa habari hii, ila haya inarudi mbichi kama ya jana. Miaka ya sabini ilikuwa inaanza, nami nilikuwa mwalimu wa chekechea Riruta, kwenye ukumbi wa mabati uliojengwa na akina mama wa mtaa kwa harambee. Nasema mwalimu, lakini chuo sikukiona. Sisi ni watu wa Lamu, ila baba alihamia huku bara akauza vitambaa mjini, na ualimu nilijifunza mwenyewe nikiwa nimeketi juu ya marobota dukani, kwa vitabu vikuukuu vya wachuuzi wa barabarani. Kwa hiyo niliogopa. Kila siku niliogopa kwamba mtu atasimama aseme huyu binti hajui kitu. (Vizibo vya soda tulivyohesabia nilikuwa naviosha kwa sabuni na kuvipanga kwa rangi, na mtoto akichanganya chekundu na cha buluu, mimi ndiye niliyekosa usingizi.)

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya wazazi. Kamati ingenitazama nikifundisha, kisha iamue kama nitaajiriwa kwa mshahara au nirudi kwa baba kukata vitambaa. Mwenyekiti, mzee mnene mwenye bucha Dagoretti, alikuwa ameshanionya: "Mwalimu, tuonyeshe kitu. Si kuimba tu. Kuimba hata jogoo anaimba." Neno hilo nililala nalo. Asubuhi nikavitazama vizibo vyangu nikaviona duni, nikaamua, uamuzi mdogo tu, nikiwa bado nachana nywele, kwamba leo watoto watahesabu watu wao wenyewe, kwa kuwa kitabu kimoja kilisema anza na kile mtoto anachokipenda.

Sasa, mtu yeyote wa Riruta angenikataza. Wazee wa kule hawahesabu watu, hata mbuzi hawanyooshewi kidole na kuhesabiwa, ni mkosi. Na nisisingizie ugeni: mama yangu mzazi akiulizwa ana watoto wangapi hujibu, "Wapo, alhamdulillahi," na ukimbana anakuuliza kama umeshakula. Nilijua. Ila nilijiambia hayo ni ya wazee, na hesabu ni hesabu.

Nikamwita Wanjiru. Ndiye aliyekuwa hodari wangu, miaka mitano, macho hayamkosi sisimizi. Tulikuwa na mchezo wetu: nafunika vitu kwa kitambaa, naongeza kimoja au naondoa, nafunua, nauliza nini kimebadilika, na yeye hakukosea hata siku moja. Watu wake walikaa benchi la mbele: baba, mama, kaka yake Kamau, na nyanya yake, ambaye sote tulimwita Cucu.

"Wanjiru, hesabu watu wenu walioketi pale."

"Mwalimu," Cucu akasema taratibu, "watu hawahesabiwi. Mpatie maharagwe."

"Ni mchezo tu, Cucu," nikajibu, kwa tabasamu langu la kitabuni.

Wanjiru akatazama benchi. "Watano."

Walikuwa wanne. Hapo ningesema vizuri, keti, na siku ingepita. Lakini nilimwona mwenyekiti akimnong'oneza mwenzake, nikamgeukia mtoto.

"Wewe usijihesabu. Walioketi tu. Angalia vizuri, hesabu tena."

"Sijajihesabu, mwalimu. Watano."

"Kwako wanne ni watano?" mwenyekiti akapaza sauti. "Mwalimu, kwa hesabu hii kuja uniuzie nyama, nitatajirika!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Baba yake Wanjiru akasema, "Wacha tu, mwalimu, mtoto amechoka," na mimi, badala ya kushukuru mlango niliofunguliwa, nikasema kwa sauti ambayo ukumbi mzima ungeisikia: "Nenda uwaguse mmoja mmoja, tumwone huyo wa tano."

Akaenda. Akamgusa baba goti, akamgusa Kamau, akamgusa Cucu, akamgusa mama bega. Kisha akaweka kiganja juu ya tumbo la mama yake.

"Na huyu."

Naye, kwa kuwa nilimfundisha kueleza jibu lake, akaeleza. "Ulisema tuangalie kilichobadilika. Mama hafungi mkanda siku hizi. Na anakula udongo, anajificha jikoni."

Mtu mmoja nyuma akapiga kigelegele, akanyamazishwa. Baba alimgeukia mkewe kwa uso wa mtu anayesikia habari za nyumba yake sokoni. "Ngai! Ngai!" Cucu akamwita Mungu, akajifunika macho kwa leso. Nami nilifanya nini? Nilipiga makofi. "Sawasawa! Watano!" nikasema. Jibu lilikuwa sahihi, mnaelewa? Kwa dakika ile hicho ndicho pekee nilichokiona.

Mama Wanjiru akasimama, akanijia karibu kabisa, akasema kwa sauti ndogo: "Wawili nilizika. Hao kila mtu alijua mapema. Huyu nilikuwa nimeapa asihesabiwe na mtu mpaka alie mwenyewe." Akamshika Wanjiru mkono wakatoka, na Wanjiru akageuka kunitazama, akiuliza kwa macho amekosea wapi. Akina mama wengine wakaanza kuwaita watoto wao.

Mwenyekiti alibaki kuchukua ufunguo wa ukumbi. "Binti, kuona umewafundisha, siwezi kukataa," akasema. "Lakini uliambiwa na nyanya, ukaambiwa na baba mtu. Mwalimu asiyeambilika hatumtaki."

Nikarudi kukata vitambaa. Mama Wanjiru alijifungua salama? Sijui. Sikuwahi kuuliza, nilikosa uso wa kuulizia. Mwaka uliofuata niliwaona kwa mbali soko la Dagoretti, Wanjiru ameshakuwa mrefu, mama yake mbele amejitanda shuka mabegani, na chini ya shuka labda palikuwa na kitu mgongoni, labda hapakuwa. Nikageuka upesi nikatazama kabichi mpaka walipopita. Nikiwatazama nitahesabu, najijua, na ile familia nimeapa sitaihesabu tena maishani mwangu.