Adui wa Mchezo Wetu Nilimpa Macho ya Babu

Admin, nifiche tafadhali. Hapa Gongoni hata kikohozi cha mtu kinajulikana.

Mimi ni mwanamke wa miaka 28, fundi cherehani, nina mtoto mmoja. Nguo za watu zimelala hapa na sina hata nguvu ya kutia uzi kwenye sindano. Msinitukane kabla hamjamaliza kusoma, mkimaliza nitukaneni mpendavyo.

Zamani nilifanya usafi kwenye hoteli moja ya Watamu, mgeni akaniachia kitabu na dadu za ajabu ajabu zenye pande nyingi. Ni mchezo wa kusimulia. Mmoja anatunga dunia na maadui wake, wenzake kila mmoja anajifanya mtu fulani ndani ya hiyo dunia na kusema anafanya nini, halafu dadu zinaamua kama amefaulu. Mtunzi ni mimi. Kila Jumapili baada ya kanisa tunakuwa watano kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, na nisiwadanganye, siku hiyo najiona mtu. Wiki nzima ni zipu na pindo, Jumapili nina falme.

Basi mwaka huu nikataka adui mkubwa. Wale wa kitabuni wenye mapembe wenzangu walikuwa wanawacheka tu. Nikasema adui lazima awe na kitu cha kweli ndipo mtu amwogope. Nikatunga nchi iliyo chini ya mabwawa ya chumvi, jua lake halizami, na waliochukuliwa wanakwangua chumvi bila kupumzika mpaka wamesahau majina yao. Bwana wa nchi hiyo nikampa macho mekundu na funguo tele kiunoni. Anacheka kwanza ndipo anasema, na akikuita anataja jina lako mara tatu.

Vyote hivyo nilivitoa kwa babu. Ni mdogo wa babu yangu mzaa baba, lakini ndiye aliyenilea. Alikuwa mlinzi kwenye mabwawa ya chumvi ya hapa kwetu miaka mingi, macho yakaharibiwa na ule mng'ao. Funguo hakuzirudisha, na milango yenyewe ilishang'olewa. Jina analitaja mara tatu kwa sababu hasikii vizuri, basi anadhani na sisi hatusikii. Nilimchukua kwa mapenzi, haki ya Mungu. Nilipomwigiza mezani hakuna aliyecheka tena, nami nikafurahi kama mjinga.

Kati ya wachezaji yuko mmoja nitamwita Karisa, mwendesha bodaboda. Mdogo wake aliugua siku nne akafariki. Karisa akapotea wiki kadhaa, na aliporudi akaniuliza kama mdogo wake anaweza kuwemo mchezoni. Nikamwonea huruma. Nikamweka marehemu kule kwenye nchi ya chumvi, nikifikiri Karisa atapigana, atamkomboa, atalia, moyo utatulia. Mimi na ujuaji wangu! Jumapili hiyo dadu zikamkataa, adui akashinda, mdogo mtu akabaki kule. Ningeweza kupindisha kidogo nikamwachia. Sikupindisha, ati sheria ni sheria.

Siku tatu baadaye Karisa alimbeba babu kwenye pikipiki kutoka zahanati. Babu akacheka, akamwita jina mara tatu, kisha akampa pole ya msiba. Funguo nazo zinalia kiunoni. Karisa akamshusha njiani akaondoka zake, mzee akamalizia safari kwa miguu.

Kufikia Ijumaa maneno yalikuwa yameenea, stendi ya bodaboda na kisimani, kwamba mzee fulani ni mchawi, ana vijana wa watu chini ya chumvi. Wengi wanaosema hata hawajui kama kuna mchezo. Nyinyi mnaoishi Kilifi mnajua neno kama hilo humfikisha kaburini mzee mwenye mvi. Nyumba yake imeshapigwa mawe mara mbili, mchana kweupe. Wanawe wanataka ahamie Junju kwa binti yake, amekataa, anasema hakumkosea mtu na hapo ndipo alipomzika mkewe.

Nilimfuata Karisa nikamweleza kwamba nimetunga mimi, mezani, kwa penseli. Nikampa daftari ninaloandikia mchezo alione. Akalifungua ukurasa kwa ukurasa, michoro ya ile nchi na maneno ya yule adui, kisha akanitazama.

"Dada, hukutunga," akasema. "Ulionyeshwa."

Tangu siku hiyo sikai mahali pamoja. Nashona, nafumua, natoka nje nachungulia njia ya kwa babu, narudi. Daftari nikalichoma kwa hasira, halafu nikajilaumu, maana ndilo lililokuwa ushahidi pekee kwamba hii ni hadithi. Chifu nimemwambia, akasema atatuma mtu. Huyo mtu sijamwona.

Jumamosi kuna kikao cha ukoo kuhusu babu. Nikisimama nikasema ni mimi, watakaofikiri kama Karisa watanifanya shahidi dhidi ya babu. Wengine watasema amenirithisha kazi yake, na mimi nina mtoto. Nikinyamaza, najua yatakayompata.

Juzi babu alikuja dukani kwangu, akaniomba nimnunulie piko apake nywele ziwe nyeusi. Alisema akicheka. Nilimpaka mwenyewe, nimesimama nyuma yake asinione uso. Hajui kwamba haya yote yalianzia kwangu. Tulipokuwa tunangoja piko ikauke akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, Jumamosi unisemee wewe. Wewe ukisimulia kitu, watu wanaamini."

Nikamwambia sawa, babu. Nilikubali hivyo hivyo, machozi yananitoka nyuma ya kichwa chake. Ndugu zangu, leo ni Alhamisi. Niambieni, nikisimama mbele ya wale watu niseme nini?