Sista Germana wa Kitandililo na Kiwiko cha Lameki

Sista Germana alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 Kitandililo, Makambako, mtoto wa tatu wa Yohanes, mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, na mkewe Rebeka. Germana alipokuwa na miaka kumi, baba yake alianguka akavunjika kiwiko, kikafungwa kwa vipande vya mianzi miezi minne. Kilipofunguliwa, mfupa ulikuwa umeunga lakini mkono haukukunjika tena. "Baba, kama mfupa umepona, kwa nini mkono haujapona?" Germana aliuliza, wala hakuacha kuuliza.

Mwaka 1983 aliweka nadhiri, akasomea uuguzi na mazoezi ya viungo, kisha akatumwa kwenye zahanati ya shirika lake mjini Njombe. Alikuwa na desturi iliyowashangaza wenzake: mwaka mmoja baada ya mtu kuruhusiwa, alimfuata nyumbani, akamwomba avae shati na kuinua ndoo mbele yake, huku akiandika.

Jaribu lake lilikuja mwaka 2015. Lameki, mpasua mbao wa Makambako, aliangukiwa na gogo, kiwiko kikavunjika vipande vitatu. Daktari aliviunga kwa vyuma akaagiza mkono uanze kukunjwa mapema. Jeni, mkewe, kwa kumpenda, aliufunga kwa kitenge wiki sita ili vyuma visiachie. Germana alipoufungua ulikuwa mgumu, na kwa haraka ya huruma akauvuta kwa nguvu.

"Sista, unanichuna kama mbuzi!" Lameki alipiga kelele.

Kiwiko kilivimba, kikakaza kuliko mwanzo. Watu wakasema sista amemlemaza, na kwamba hatashika msumeno tena. Hakujitetea. Alirudi kwa daktari kuuliza, akaelezwa kwamba mgonjwa akunje mwenyewe, kidogo kidogo. Akaenda kuwapigia magoti wanandoa hao.

"Kosa ni langu. Nipeni nafasi nyingine."

"Na mikono yako hiyo utaiweka wapi, Sista?" Jeni aliuliza.

"Nitaikalia, mama."

Akaikalia kweli, kila Alhamisi kwa miezi minane, Lameki akikunja na kutokwa jasho. "Leo wewe ndiye unayeumia, Sista," alimtania.

Mkono haujanyooka wote hadi leo. Lakini mwaka uliofuata Lameki alirudi kwenye msumeno. Waumini wanasema ni muujiza; Germana aliandika tu: "Haunyooki. Anapasua mbao."

Alifariki tarehe 14 Juni 2022. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, ila sisi tunaweza kumwiga: kwenda kwa wale ambao kila mtu amesema wamepona, na kuwauliza wanaendeleaje. Mbao za jeneza lake alizipasua Lameki, na hakukubali kusaidiwa.