Ng'ombe wa Mifuko ya Saruji

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Gorong'a, niliingia darasa la chekechea na mkasi mmoja, bahasha ya karatasi za rangi na nyimbo tele kichwani. Nikakuta watoto wanne. Nilimwuliza Mwalimu Mkuu wengine wako wapi, akanyoosha kidole bondeni. Ilikuwa kiangazi, shambani hakuna kazi, na dhahabu ilikuwa imewapanda watu kichwani. Akina mama walikuwa korongoni wakiosha mchanga kwa makarai, watoto wao wamelazwa kwenye kivuli cha ukingo, chini kabisa ya mashimo ya wachimbaji.

"Ukiweza kuwatoa pale, mwalimu," aliniambia, "sitakudai somo lingine."

Karatasi za rangi ziliisha upesi. Nikahamia kwenye mifuko ya saruji, maana kila aliyepata dhahabu alijenga. Tabaka la ndani lina vumbi, hilo unatupa. La katikati ndilo safi. Gundi ni uji mzito wa muhogo. Mtoto wa miaka mitatu humpi mkasi, unamwacha achane kwa vidole, na kuchana anajua tangu kuzaliwa. Nilikunja kipande katikati, nikakata tumbo ikabaki miguu minne, ng'ombe akasimama. Watoto wakambandika mabaka ya magazeti. Wengine walilamba gundi, nami nikachoka kugombana nao.

Ng'ombe waliopelekwa nyumbani waliliwa na mbuzi. Basi nikaweka sheria: ng'ombe analala darasani, kwenye zizi la mabua ya mahindi, na mwenyewe anakuja asubuhi kumpeleka malishoni, yaani pale uani.

Nilishuka korongoni kuwaomba akina mama waniletee watoto, na Mama Boke ndiye aliyekuwa mgumu. Alinieleza waziwazi kwamba mtoto hashibi karatasi. Siku moja tu, alipokwenda mnadani, aliniachia Boke. Kesho yake Boke akakaa chini njiani, akagoma kwenda korongoni. Mama yake akamleta amembeba kwapani, amefura.

"Mwalimu, umemfanya nini huyu? Anasema ng'ombe wake amelala njaa."

Boke akamtoa zizini ng'ombe wake, mwenye mabaka na pembe moja. Mama Boke, binti wa wafugaji, alimgeuza huku na huku kama mnunuzi, kisha akacheka mpaka akafuta machozi.

"Haya, chunga. Jioni nakuja na kibuyu, nataka maziwa."

Wenzake wakafuata, darasa likajaa. Kiangazi hichohicho, mchana mmoja, ukingo ulimeguka. Akina mama walikuwa majini, hakuna aliyeumia, lakini udongo ulifunika kivuli chote walichozoea kulaza watoto. Walikuja mbio, matope hadi kwenye nywele, wakawakuta uani wanachunga. Mama Boke alimgusa kila mtoto kichwani, siyo wake peke yake, halafu akaketi vumbini akalia. Nami nililia.

Baadaye nilihamishiwa Ringwani. Mratibu Elimu Kata wa huko alilalamika kwamba darasa langu linanuka muhogo, kisha akaondoka na ng'ombe wawili mfukoni kwa ajili ya wajukuu.

Sasa nimestaafu. Walimu vijana huja, wananipa shikamoo, wanaomba niwafundishe mikunjo. Ninawafundisha, tena kwa raha. Lakini kwanza ninawauliza kama wanajua watoto wa mtaa wao wanashinda wapi wakati mama zao wako kazini. Asiyejua namwambia aende akaangalie, ndipo arudi tukunje.