Sindano Nilizochoma Kabla ya Chuo

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo, fagio la deki na glovu pana kuliko mikono yangu. Ilikuwa zahanati moja upande wa Kilosa. Sitaji jina lake, maana waliokuwepo walinitendea wema. Nilikuwa mhudumu wa afya, yaani mtu wa usafi, kutandika vitanda na kubeba vyombo vya mkojo. Kila asubuhi nilitoka Magomeni, ile ya hukohuko Kilosa, kwa miguu, nikitafuta uzoefu ili chuo cha uuguzi kinipokee. Sikusoma sana, na hata sasa sina hakika kama naeleza sawasawa, lakini nitajaribu.

Aliyenifundisha ni Bi. Mwanaidi, mhudumu wa siku nyingi.

"Mwanangu, nesi ni mmoja na foleni inafika barabarani. Utajifunza kuchoma sindano."

"Lakini mimi si nesi, bibi."

"Ukishavaa hilo gauni nani anajua? Wenyewe wanakuita nesi."

Nesi mfawidhi, mkuu wetu, alituona akapita zake. Nisimwonee: alikuwa peke yake, na chumba cha pili kuna mama anajifungua.

Kwinini, dawa ya malaria kali, tuliichoma takoni, katikati, pale penye nyama nyingi. Nilisifiwa kwa mkono mwepesi. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Baada ya miaka miwili chuo kikanipokea, na mazoezi ya wodini tukawa tunafanyia hospitali ya Mikumi. Siku moja darasani mwalimu wetu alichora msalaba kwenye tako la sanamu.

"Mafungu manne. Unachoma fungu la juu, upande wa nje. Kwingine hapana."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, sisi tulikuwa tunachoma katikati."

"Nesi wa ndoo huyo!" mmoja akasema, darasa likacheka.

Mwalimu hakucheka. "Katikati pana mshipa wa fahamu, mnene kama kidole. Kwinini ikiufikia, mguu unalegea. Ulichoma wangapi?"

Sikujua wangapi. Nilimjua mmoja: Zuhura, mtoto wa miaka mitatu wa kijiji cha Chanzuru, aliyepona malaria akabaki anaburuta mguu. Mama yake aliponiuliza, nilimjibu, "Ni homa hiyo, itaisha." Kwa uhakika kabisa! Alichomwa siku tatu, mbili na Bi. Mwanaidi, moja na mimi. Iliyomdhuru ni ipi, sitajua.

Likizo ilipofika nilikwenda Chanzuru. Nilijiandaa kutukanwa, hata kufukuzwa chuo. Mama Zuhura alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini palepale uani.

"Kwa hiyo si wifi yangu?"

"Wifi gani?"

"Dada yake mume wangu. Tulisema kamroga mtoto. Tulimtoa humu ndani, mwaka mzima hatumsalimii."

Jamani. Mimi nilidhani nimeharibu mguu tu.

Alinishika mkono, hakuniachia mpaka chumba alichopanga wifi yake. Tulimkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo," nilisema. Hakuitikia.

"Rudia ulivyoniambia," Mama Zuhura akaniamuru.

Nikarudia. Ungo haukusimama.

"Mimi niliitwa mchawi bombani, mbele za watu," wifi alisema. "Sasa unakuja kuniambia mimi chumbani? Mimi nilikuwa najua sikuroga."

Tukaenda bombani watatu. Nilisema yote mbele ya wanawake na ndoo zao. Nilipomaliza, mmoja akamsogeza mwanawe mbele yangu akauliza, "Na huyu, ulimchoma wapi?" Wengine wakafuata. Nikawajibu mmoja mmoja hadi maji yakakatika.

Sasa nimestaafu. Zuhura alifanyishwa mazoezi ya mguu yakamsaidia kiasi, si kabisa. Vijana wanaojitolea zahanati kabla ya chuo hunijia kutaka ushauri, nami nashtuka kusikia bado wapo wanaopewa sindano wiki ya kwanza. Wanangu, pigeni deki, tandikeni vitanda, osheni wagonjwa. Hiyo ni shule kubwa, mimi ilinifaa. Lakini sindano usiyofundishwa irudishe, hata anayekupa akiwa mtu mwema. Bi. Mwanaidi alikuwa mtu mwema.