Nambari Thelathini na Moja wa Korongo

Kila nikifungua katoni la nguo mpya na ile harufu ya nailoni iliyofungiwa safari nzima ikanipiga puani, kazi yangu yote hulala. Hunirudisha nyumbani kwa Bibi, mtaa wa Wattaya, Maskati, Ijumaa moja ya miaka ya tisini, watu wametoka msikitini, pilau limeshapakuliwa, na Mjomba Nasser karudi kutoka Amerika na katoni moja tu.

Moja tu! Kama umekulia kwenye nyumba za Waswahili wa Maskati, huna haja ya kuelezwa msiba huo. Mtu akenda hata Dubai siku mbili, akirudi kila mtoto ana chake, na asiyepata, mama yake hununa mpaka Idi. Mjomba, kitinda mimba wa Bibi, alikaa huko miaka minne akisoma, na sisi wajukuu tulikuwa kumi na wawili. Tukalivamia katoni. Ndani mlikuwa na jezi, zote kijani kilichopauka, picha ya ndege korongo kifuani na nambari mgongoni. Mjomba akatugaia mwenyewe; yangu ilinishuka chini ya magoti.

"Timu gani hii?" aliuliza binamu yangu Khalfan, ambaye alikuwa akitaraji saa.

"Klabu ya besiboli ya mji niliokuwa nnasoma. Walikuwa wakilipwa kucheza. Sasa imekufa, vitu vyake vimegaiwa."

Kumbe tumeletewa nguo za maiti! Khalfan akaanza kuivua yake. Mjomba akaona mambo yanaharibika, akakohoa, akasema, "Lakini mnajua hao Korongo walikuwa nani?"

Hapo ndipo tulipoanza kusimuliwa historia ya klabu, na ilituchukua Ijumaa za mwaka mzima. Alitwambia kwamba katika besiboli mmoja anarusha mpira, mwengine anaungoja na gongo, akiupiga anatimka kuzunguka uwanja. Tulifahamu upesi, maana nyuma ya nyumba tulikuwa tukicheza nage: wawili wanarushiana mpira wa soksi, wa katikati anakwepa asipigwe. Kisha akaanza kueleza nambari moja moja. Nambari nne, jezi ya Khalfan, alikuwa mnene kama Khalfan, lakini akiupiga mpira ulipotea moja kwa moja, basi yeye alitembea zake kama anakwenda sokoni. Nambari tisa, ya dada yangu Salma, alikuwa akilia kabla ya kila mchezo, kisha anashinda. Salma alikuwa akilia hata akiitwa kuoga.

"Na wangu?" niliuliza. "Thelathini na moja?"

Mjomba alinitazama kidogo. "Huyo? Huyo alikuwa akirusha kwa mkono wa shoto. Wapigaji wakimwona tu, wanaomba maji."

Wallahi nilihisi masikio yanaungua. Mimi nilizaliwa wa shoto, na Bibi alikuwa kaapa kuniachisha. Kwenye sinia alinifunga mkono ule kwa leso yake, kwenye kuandika akaufunga tena, na hata kwenye nage alikuwa akipiga kelele kutoka dirisha la jikoni, "Mkono wa chooni huo! Nnakuona!" Hakuwa mkatili, maskini. Aliniogopea. Alikuwa akisema, "Watoto wa watu watakucheka mwanangu, na mimi sitakuwepo." Basi kwa mkono wa kulia nikawa nikirusha mpira unaishia kwenye banda la kuku, na binamu zangu hawakunitaka upande wao.

Toka siku ile nikawa na mtu wangu. Wakinicheka nilikuwa nikijiambia, ngojeni, hamumjui thelathini na moja.

Mwaka wa pili akaja mgeni. Mzee Tom, Mmarekani mrefu mwenye nyusi nyeupe, binti yake alikuwa akisomesha Maskati. Naye alikuwa ndiye mtunza nguo wa klabu ile ile! Tulimpokea barazani, wote kumi na wawili na jezi zetu, tumejipanga kama gwaride. Mzee wa watu alisimama mlangoni akatoa kitambaa akajifuta macho. Mjomba, badala ya kufurahi, alikuwa akitoka jasho.

Nikaona hii ndiyo siku yangu. Nikasogea mbele, nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha skuli, Bibi kakaa pale pale anamimina kahawa: nambari thelathini na moja, ni kweli alirusha kwa mkono wa shoto?

Mzee Tom alimtazama Mjomba. Mjomba akatazama dari. Kisha mzee akautazama mkono wangu, ambao nilikuwa nimeuficha nyuma, leso ya Bibi bado imeuzunguka.

"Ndiyo," alisema polepole. "Wa shoto. Hatukuwa na mwengine kama yeye." Akatoa mfukoni mpira wa kweli, mgumu, wa ngozi, akanipa, akachuchumaa mwisho wa baraza na kofia yake mikononi, tayari kuudaka. Mjomba akamfasiria Bibi kila neno.

Nikamtazama Bibi. Aliliweka dele la kahawa chini. Akaja akaifungua leso, taratibu.

Nikarusha. Mpira ulimpita Mzee Tom sikioni, ukalibeba sinia la halwa mpaka ukutani, pa!

"Lahaula!" alisema Bibi, na mara akaanza kucheka, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Mkono huu una nguvu, jamani! Haya. Kula utakula kwa kulia. Kurusha, rusha utakavyo."

Jioni ile ile Khalfan na Salma waligombana nani anichukue upande wake.

Miaka ikapita. Nilipofika chuo kikuu, miaka ya elfu mbili na kitu, nikaitafuta Korongo kwenye kompyuta. Maskini! Ilikuwa ya mwisho karibu kila msimu. Orodha ya wachezaji niliisoma mara tatu: thelathini, kisha thelathini na mbili.

Nikaenda kwa Mjomba, kishakuwa na kipara na watoto, nimekusudia kumkamata. Wala hakujitetea.

"Nilikuwa mpweke kule," alisema. "Nilikwenda kuwaona Korongo wakifungwa, pamoja na watu wachache na Mzee Tom. Klabu ilipokufa, mzee akanambia nichague jezi. Yako ilikuwa ya akiba, haijavaliwa na mtu. Nikakukumbuka na leso yako, nikaiweka kando kwa ajili yako. Za wengine niligaia tu."

Nililia mbele yake, nikacheka, nikalia tena. Utoto wangu wote nilidhani namfuata mtu hodari aliyetangulia. Kumbe mbele yangu hapakuwa na mtu. Nilikuwa wa kwanza.