Divai Kifuani mwa Mtaliano

Enzi ya Wadachi nilikuwa karani na mkalimani katika boma la Arusha, na nilijiona mtu kwelikweli. Nilivaa viatu. Jioni moja fundi mawe, Mtaliano aliyekuja kujenga kuta, alinialika kula kwa gharama yake, barazani kwa Mtaliano mwenzake aliyeuza chakula ng'ambo ya mto. Baba yangu alikuwa ameshuka mjini siku hiyo kuniletea maziwa. "Njoo na mgeni wako," akasema fundi, bila kuuliza ni nani. Na mimi sikumwambia. Nikifikiri vizuri, ubaya ulianzia hapo.

Tulikaa wanne: fundi, karani mmoja wa Kidachi niliyetamani sana anione mwenzake, baba na lubega lake, na mimi. Chakula kililetwa katika visahani, vyote vikawekwa katikati ya meza: maharage meupe yenye mafuta na kitunguu saumu, jibini, vipande vya nyama iliyokaushwa kwa chumvi, zeituni. Kila mtu alichovya mkate popote alipotaka. Baba alifurahi. "Kumbe nao hula pamoja kama watu," akaninong'oneza kwa lugha yetu. Nilimkanyaga mguu anyamaze.

Divai ikamiminwa. Baba alishika kikombe chake asinywe, akimngoja mwenyeji. Kwetu mwenye pombe huionja kwanza, mgeni ajue ni salama. Fundi alipokunywa, baba naye akapiga funda moja. Kisha akainuka, akamwinamia fundi, akamnyunyizia divai kifuani kwa mdomo.

Kwetu Waarusha hiyo ni baraka. Mzee hamfanyii hivyo mtu asiyemtakia heri. Baba alikuwa anambariki mtu aliyemlisha mwanawe. Nilijua hayo yote. Kazi yangu ilikuwa kufasiri, na maneno mawili matatu yangetosha.

Lakini yule karani wa Kidachi aliweka uma chini, akanitazama. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikatoa leso, nikaanza kumpangusa fundi shati, nikasema kwa Kidachi, "Msamehe. Ni mtumishi wangu tu, huniletea maziwa."

Kidachi cha fundi kilikuwa cha kuokoteza. Akamgeukia baba, akamuuliza kwa Kiswahili, taratibu, bila hasira, "Wewe mtumishi wake huyu?"

Baba alikijua Kiswahili. Alikuwa amewauzia ng'ombe watu wa misafara kwa miaka mingi. Alinitazama kidogo. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikabaki nakunja leso.

"Ndiyo, bwana," akajibu. "Mimi ni mtumishi wake."

Hakugusa tena kisahani chochote. Alisimama nyuma ya kiti changu mpaka tulipomaliza, na mimi, Mungu anisamehe, niliendelea kula. Zeituni zilikuwa chungu, sikuzipenda hata kidogo, na nilizimaliza.

Kwetu baba hutangulia njiani, mtoto hufuata. Tulipotoka nilisimama pembeni apite. Hakupita. Alisubiri na kibuyu chake cha maziwa, sasa kitupu, macho chini, kama watumishi wa boma wanavyosubiri.

"Baba, tangulia," nikamwambia.

"Tangulia wewe, bwana."

Nikatangulia.